Kidole cha Katekista

Katekista Ambindwile hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu nitakayoyasimulia yanaweza kumfanya msomaji amchukie, na huko ni kupoteza muda tu. Mwaka wa tisini na nne alijichukia mwenyewe vya kutosha.

Alikuwa mkulima wa migomba na chai kidogo huko juu Lufingo, na kigango chetu kilikuwa chini yake. Padri alitufikia mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Siku nyingine zote Ambindwile ndiye aliyeongoza ibada, akafundisha dini, akazika. Nchi ilikuwa ikibadilika: mitumba imejaa sokoni Tukuyu, vyama vimekuwa vingi, na ilisemekana mashamba makubwa ya chai yatapata wenyewe wapya. Ambindwile hakubadilika. Vijana walimwita Sheria, naye alijua, na nadhani jina lilimpendeza. Ukija kuandikisha ndoa bila cheti cha ubatizo, ulirudi ulikotoka. Ukiishi na mwanamke ambaye ng'ombe wa mahari yake wametolewa lakini altareni hamjafika, komunyo uliitazama kwa macho.

Kazi aliyoithamini kuliko zote ilikuwa kubatiza watoto wachanga walio katika hatari ya kufa. Alitoka saa yoyote, mvua au matope. Lakini baridi ya kwetu mwezi wa saba si ya kuchezea. Mtoto ana kichomi, halafu wewe umwagie maji ya kijitoni kichwani, mama yake atakutoa mbio. Kwa hiyo Ambindwile alijitafutia njia. Alichovya kidole gumba katika kikombe cha maji, akachora msalaba kwenye paji la uso la mtoto, huku akitamka maneno yote bila kuruka hata moja. Kina mama walimpenda kwa hilo. Watoto waliopona walipelekwa parokiani, padri akauliza, "Alishabatizwa?" Ambindwile akajibu, "Ndiyo, Padri," na padri akamalizia sehemu zilizobaki. Hakuna aliyewahi kuuliza alibatizwaje.

Mmoja wa waliobatizwa kwa kidole alikuwa binti yake mwenyewe, Gloria. Aliishi siku tisa tu. Kila tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, watu walileta karatasi zenye majina ya wafu wao naye akayasoma mbele ya watu. Jina la Gloria lilitangulia daima, na alipolisoma sauti yake ililegea kidogo, mara hiyo moja kwa mwaka.

Sasa Esnath. Huyu alikuwa mchuma chai, mzaliwa wa nyumba ya Wamoraviani, akaolewa kwetu na kufundishwa dini na Ambindwile mwenyewe. Mwaka wa sabini na tisa alijifungua nyumbani, na mtoto hakulia sawasawa. Mume wake alikimbia kumwita katekista. Mto ulikuwa umejaa, ikabidi wazunguke, na walipofika mtoto alikuwa amekwisha kata roho.

"Nimembatiza mimi, Baba Katekista," Esnath alisema. "Nilipasha maji kidogo motoni, nikammiminia kichwani, nikasema yale maneno uliyotufundisha."

"Kwa mamlaka ya nani?"

"Alikuwa anakufa."

"Nimekuuliza kwa mamlaka ya nani. Ubatizo si kuogesha mtoto, mama."

Akakataa kuongoza sala. Baba wa mtoto alichimba mwenyewe pale migombani, akazika bila msalaba. Novemba ile ile Esnath alileta karatasi ya jina kama wengine wote. Ilikuwa ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nne. Ambindwile aliitambua, akaiweka pembeni bila kuifungua, na baada ya ibada akamrudishia. "Huyu hayumo katika kitabu cha ubatizo," alimwambia. Esnath akapokea, akasema ndaga, yaani asante, akaenda zake. Mwaka uliofuata akaleta tena. Alileta miaka kumi na tano. Sisi wote tuliona, tukanyamaza, na aibu hiyo ni yetu pamoja naye.

Mwezi wa nane mwaka wa tisini na nne, Padri Edward, kijana mgeni parokiani, aliwaita makatekista wote kwenye semina. Alileta mdoli wa plastiki na birika, akataka mmoja aonyeshe ubatizo wa dharura. Kwa heshima ya umri wakamsimamisha Ambindwile. Akachovya kidole, akachora msalaba, akatamka, kisha akageuka kutaka kukaa.

"Subiri, mzee wangu," Padri alisema. "Maji yametiririka wapi?"

"Kidole kimelowa, Padri."

"Kulowa si kutiririka. Maji lazima yamguse mtoto na yatiririke. Hapa ulipopaka kidole tuna mashaka kama ubatizo upo."

"Watoto wetu wanashikwa na baridi."

"Si mngepasha maji tu?"

Makatekista wengine walicheka kidogo, kisha wakaacha. Ambindwile alibaki amesimama na ule mdoli mkononi. Akauliza, taratibu sana, kama mama wa mtoto anaweza kubatiza akiona mtoto anakufa. Padri akamjibu kwamba mtu yeyote anaweza, awe mwanamume au mwanamke, hata asiye Mkristo, mradi amimine maji, aseme maneno, na akusudie kufanya lile linalofanywa na Kanisa. Wala sheria hiyo haikuwa mpya. Ilikuwepo tangu zamani.

Hapo angeweza kunyamaza. Kidole ni chake, na waliokiona ni kina mama wasiojua tofauti. Sifa hii nampa: hakunyamaza. Jioni ile ile alimpelekea Padri daftari lake, majina yote ya watoto wa kidole. Walio hai walikuwa kumi na mmoja. Padri alikuja kigangoni akawamiminia maji wote kwa sharti, yaani akianza na maneno "kama hujabatizwa", kwa kuwa ubatizo haurudiwi na hapa palikuwa na mashaka. Lukasi, kiongozi wa kwaya mwenye ndevu zake, alijifuta uso akatutania kwamba tumeimbishwa na mpagani miaka sita. Tulicheka sana. Ambindwile hakucheka.

"Na waliokufa, Padri?" aliuliza watu walipotawanyika.

"Mungu hakufungwa na maji, mzee wangu. Tunawakabidhi kwa huruma yake, na tunawaombea."

Jibu zuri. Lakini Ambindwile alikuwa ametumia maisha yake yote kuwanyima watu jibu hilo, akaona haya kulichukua kwa ajili ya mtoto wake.

Mwisho wa Oktoba alikwenda kwa Esnath. Alimkuta nje akimenya ndizi. Waliamkiana kwa Kinyakyusa, akapewa kigoda, na hakukikalia.

"Mama, ulibatiza vizuri," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa sijui. Maji yako yalitiririka. Yangu hayakutiririka. Nimekuja kumwandika mtoto kitabuni, na jina lako kama mbatizaji."

Esnath aliendelea kumenya.

"Jina lake nani?" Ambindwile aliuliza.

Kisu kikasimama. "Nimekuletea jina lake mara kumi na tano."

Ambindwile aliinamisha kichwa, kofia mkononi, akangoja kufukuzwa.

"Nitakuletea karatasi kama siku zote," Esnath alisema mwishoni. "Safari hii utaifungua."

Tarehe mbili Novemba mvua ilipiga mabati tangu asubuhi. Ambindwile alianza kusoma majina, na wote tukagundua kwamba Gloria hakutangulia. Alisoma wazee, akasoma waliokufa kwa ajali na kwa maradhi, karatasi moja baada ya nyingine, na jina la binti yake halikuja. Alikuwa amelitoa mwenyewe. Hakuwa na uhakika kama anastahili kuwamo kitabuni, na sheria aliyompimia Esnath alijipimia nayo. Mke wake alikuwa amejifunika kitenge usoni.

Karatasi ya mwisho ilikuwa imekunjwa mara nne. Aliifungua.

"Anyitike," alisoma, "mtoto wa Esnath."

Tukajibu, "Raha ya milele umpe, ee Bwana." Tulidhani imekwisha. Lakini Ambindwile hakuikunja karatasi. Aliitazama, kisha akainua macho kumtafuta Esnath. Chini ya jina la mtoto wake Esnath alikuwa ameandika jina la pili, kwa herufi zilezile kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

Esnath akasimama kutoka benchi la nyuma, bado na gunia la kujikingia mvua mabegani.

"Soma, Baba Katekista," alisema. "Na huyo ni mtoto."

Akasoma, "Gloria." Tukajibu.