Mama wa Samaki na Ndege Asiyeingia Majini

Wiki iliyopita nilikuwa uwanja wa ndege wa Luano, hapa Lubumbashi, nje ya mlango wa wanaowasili, nikimsubiri mdogo wangu aliyekuwa anarudi kutoka Kinshasa. Ndege ilikuwa imechelewa, na mimi kusubiri sikujaliwa. Simu ikaita. Alikuwa binti wa yule mama wa samaki wa Kampemba. "Papa," akasema, "mama alituacha. Leo asubui, ku opitali. Moyo tu ilisimama." Akakata kabla sijampa pole, nadhani alikuwa na wengi wa kuwapigia. Nikaanza kuzunguka kwenye maegesho ya magari. Nikanunua maji nisiyoyanywa. Nikampigia mhariri wangu nikamwambia ile safu niliyokwisha kumpa, ya bei ya mafuta, aitupe. Mdogo wangu alipotoka na mizigo yake akaniuliza kama ninaumwa, nikamjibu nimefiwa. "Na nani?" Hapo nikakwama, kwa sababu marehemu hakuwa ndugu yangu, wala jirani, wala hatukusali kanisa moja. Alikuwa mtu niliyenunua samaki kwake, kisha siku moja nikapanda naye mashua.

Aliuza samaki wa barafu, wale wanaoletwa na malori ya baridi kutoka bahari ya Namibia, wakavuka Zambia nzima kabla ya kukutana na bukari, ugali wetu, kwenye sahani zetu. Kibanda chake kilikuwa na friza, mizani na shoka dogo la kupasulia barafu. Kiti hakikuwemo. Wateja waliozoea kuketi kwa mama wa unga na kupiga gumzo, kwake walisimama, na ukisita kuchagua alikuchagulia yeye. "Papa, samaki haiko bibi ya kuoa," aliniambia siku ya kwanza. "Beba, uende." Nilikasirika, na kesho yake nikarudi. Siku mdogo wake alipobatiza mtoto, yeye ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo, amevaa kikwembe, kitenge kipya cha kumetameta. Wageni walipomtafuta kwa picha walimkuta uani, amekunja mikono ya blauzi, anaosha masufuria. Tulicheka sana. Naye alicheka, ila hakuacha kusugua.

Mume wake alitoka katika familia ya kaskazini mwa Katanga, watu walioletwa mjini na kazi ya reli, Wakatoliki wa kufa na kupona. Yeye wazazi wake walitoka Kasai. Mume alipofariki, desturi ya ukweni ilimtaka mjane akae: akae kwenye mkeka, asipike, asiuze, asitoke, mpaka wakwe wamnyanyue wenyewe siku ya kile tunachokiita kutosha kilio, yaani kukiondoa. Alikaa hadi mazishi. Kisha umeme ukakatika mtaa mzima, friza zikaanza kutoa maji, na samaki waliokuwa wakiilisha nyumba ile walikuwa humo ndani. Akasimama, akakaza kitambaa cheusi kichwani, akaenda sokoni. Dada mkubwa wa mumewe alipofika na chakula cha mfiwa alikuta mkeka mtupu. Akaukunja, akaondoka nao, na maneno aliyoyaacha mlangoni yakazunguka Kampemba yote: "Ndugu yangu iko mu udongo, bibi yake iko ku soko." Wengine wakaongeza ya kwao, kwamba watu wa Kasai ndivyo walivyo, biashara kwanza. Ni maneno ya kipuuzi ambayo mji huu umeyalipia vya kutosha, miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa, na bado haujayachoka.

Miaka ikapita bila wifi na wifi kusalimiana. Halafu binti akapata mchumba. Kila msomaji wangu anajua kwamba mahari ya binti hupokelewa na watu wa baba yake. Mama peke yake, hata awe na friza kumi, hawezi kuipokea. Watu wa baba wakakataa kuja. Yule dada mkubwa alituma jibu moja tu: "Mama yake hakuikala kilio ya ndugu yetu. Sisi tutaikala namna gani mu salon yake, tukunywe bière?" Upande wa mchumba wakaanza kuchoka. Binti akaanza kukonda. Mama akawa anasema, "Batachoka, batakuya." Hawakuchoka, na posa ikabaki inaning'inia.

Mambo yakiwa hivyo, wauzaji wa samaki wakajikusanya kwenda Namibia kuonana na wanaowauzia, na mimi nikafuatana nao kwa ajili ya gazeti. Shughuli zilipokwisha mwenyeji wetu akatupeleka Lüderitz, mji mdogo uliobanwa kati ya jangwa na bahari, akatupa siku moja ya matembezi: kwenda na mashua kwenye kisiwa cha pengwini, wale ndege wa baharini wasioruka, na kurudi. Mama hakutaka. "Ndege ya kutazama tu? Haiuzwe, hailiwe?" Lakini kubaki hotelini bila kazi kulimtisha zaidi. Alfajiri akaingia jikoni mwa watu, akasonga bukari, akakaanga samaki, akafunga vyote kwenye kitambaa, akawa wa kwanza kufika gatini.

Sisi watu wa Lubumbashi tumezaliwa mbali na maji makubwa, na bahari ile ni ya kijivu na haina adabu. Wenzetu wawili walitapika. Mama alikataa benchi, akasimama ameshika chuma cha mashua, akiuliza kila mara kama tumefika. Kisiwa chenyewe kilikuwa mwamba mtupu, umepakwa weupe wa kinyesi cha ndege, na harufu yake ilitupokea kabla hatujakiona vizuri. Sote tukaziba pua, isipokuwa yeye. Ndege wakalia kwa sauti ile yao ya ajabu, na Mama akageuka kwangu: "Banatuleta kuona punda?" Mashua nzima ikacheka. Mwongozaji wetu, dada kijana wa mji ule, akatueleza kwa Kiingereza kwamba hairuhusiwi kushuka, na kwamba pengwini wanapungua kwa sababu samaki wamepungua baharini. Nikatafsiri kwa Kiingereza changu cha kuokoteza mpakani Kasumbalesa. Mashua ilijaa wauzaji wa samaki na hakuna aliyeuliza swali. Jambo lile bado linanikera, na sijui la kulifanya, maana hata jana nimekula samaki.

Kwenye jiwe la chini, karibu nasi, alisimama pengwini mmoja peke yake. Wenzake waliteremka majini na kurudi wameshiba. Yeye aliitazama bahari asisogee. Manyoya yalikuwa yakimtoka vipande vipande, kama godoro kuukuu lililopasuka. Mama akauliza ana nini. Mwongozaji akasema hapana ugonjwa: kila mwaka ndege hawa huvua manyoya yote kwa pamoja, na kabla mapya hayajaota maji ya baridi huwafikia mwilini na kuwaua. Kwa hiyo hukaa nchi kavu majuma kadhaa, na njaa yao, wakisubiri.

Sikuwa nimemaliza kutafsiri. Mama alikwisha kufungua kitambaa, akatoa samaki wa kukaanga, akamrusha kwa nguvu kuelekea lile jiwe. Samaki akaangukia majini, ndege mwingine, wa kuruka, akamnyakua. Mwongozaji akapiga kelele, na nahodha naye, kwamba ni marufuku kabisa kulisha wanyama wa pale. Nikaanza kuomba radhi huku na huku. Mama hakuona aibu hata kidogo. "Uyu iko mu kilio," akasema. "Mwambie uyu dada: kwetu muntu wa kilio hapike, bantu njo banamuletea chakula." Nikamwambia. Yule dada hasira ikamtoka, akasema ni desturi nzuri, lakini ndege yule hatapokea chochote. Anachohitaji ni kutofukuzwa mahali pake, basi.

"Na akiingia mu mayi mbele ya siku?" Mama akauliza.

"Anakufa kwa baridi," nikatafsiri.

Akaketi kwenye benchi lililolowa, kikwembe chake na vyote. "Miye niliingia," akasema. Nikadhani anaona kizunguzungu, nikamshika bega. Akaliondoa bega lake polepole na kusema tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayejieleza mwenyewe: "Bwana yangu alikufa, miye nikaingia mu mayi." Njia nzima ya kurudi hakusimama, na chakula chake tulikula sisi.

Tuliporejea Lubumbashi hakupita nyumbani kwa wifi yake na zawadi wala na wapatanishi. Alikwenda peke yake, na nilisimuliwa na yeye mwenyewe. "Nilimulomba fasi ya kuikala. Akaniangalia sana. Akasema, unakuya juu ya mahari ya mutoto. Nikamuambia, njo, juu ya mahari pia. Lakini bwana yangu sijamulilia bado." Ule mkeka wa zamani ulikuwa umekwisha kuliwa na mchwa, ukatandikwa mwingine, chumbani kwa wifi.

Nilikwenda kumwona siku za mwanzo na nikacheka kwa kujificha, maana alikuwa anateseka. Akiwa mkekani aliwatuma watoto wa nyumba ile kama wafanyakazi wake, akapanga upya vyombo vya wenyewe kwa mdomo, akawapigia madereva wa malori mpaka wifi akamnyang'anya simu. Baada ya hapo nilimkuta amenyamaza, macho yamevimba. Kilio kilimjia mchana mmoja, bila sababu, alipomsikia mtu akikohoa nje kama alivyokohoa marehemu. Wifi aliacha sufuria motoni akaja kuketi mkekani pamoja naye, na wakalia mpaka chakula kikaungua. "Nilikuwa nawaza iko ananichukia," Mama aliniambia. "Kumbe miaka yote alikuwa analia peke yake. Miye njo nilikuwa muntu wa kulia naye, na sikuwa pale." Kilio kikatoshwa, watu wa baba wakaja kupokea mahari, na bière ikanywewa sebuleni, katika salon ile ile.

Naomba msinielewe vibaya. Mimi ni mwanamume, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Najua mkeka huo umewatesa wanawake wa mji huu: wajane waliokalishwa chini huku wakwe wakigawana friji na mabati, waliofukuzwa kwenye nyumba walizojenga wenyewe. Najua pia kwamba mwanamume akifiwa hakuna anayemkalisha popote, na mara nyingi anatafutiwa mke kabla maua ya kaburini hayajakauka. Nimeyaandika hayo hapa, nitayaandika tena, na anayetaka kukasirika akasirike. Ila napita barabara ya kwenda mpakani, naiona foleni ya malori ya shaba isiyokatika mchana kutwa. Naona misafara ya mazishi ikipiga honi kuomba njia, na ndani yake watu wa suti nyeusi wakijadili mzigo uliokwama forodhani. Tunazika asubuhi, mchana tuko kazini, na tunamsifu aliyewahi kurudi kuwa ni mtu imara. Nani ametuambia kwamba ni uimara? Wengi wetu tumeingia majini bila manyoya na tunatetemeka humo humo, tukiita kule kutetemeka bidii.

Juzi nikaenda Kampemba. Akina mama walikuwa kwenye mikeka uani, wanaume kwenye viti vya plastiki chini ya hema. Katikati ya wanawake, mahali pa dada wa tumbo moja, alikuwa yule wifi, mzee sasa, miguu imenyooshwa, kitambaa cheusi kichwani. Nikatoa mkono wa pole kwa binti na mumewe. Nikaketi. Nikainuka kupokea simu. Nikaketi, nikainuka kuangalia kama nimefunga gari. Nilipoinuka mara nyingine yule mzee akaniita mbele ya watu wote.

"Papa ya gazeti, unakimbilia fasi gani?"

"Kazi, mama."

"Kazi ya nani?"

Sikuwa na kazi yoyote, na nadhani alilijua hilo. Akapiga mkeka kwa kiganja, mahali patupu pembeni yake. Mwanamume haketi mkekani na wanawake, lakini akina mama wakajisogeza kunipisha. Nikavua viatu, nikaketi chini, na machozi niliyoyakimbia wiki nzima yakanipata hapo, mbele ya watu ninaowaandikia. Yule mzee hakuniambia nijikaze. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba siku ile alipokuta mkeka hauna mtu alipaswa kwenda sokoni, aketi chini kwenye kile kibanda kisicho na kiti, amsubiri. "Nilisema ku mulango, nikaenda," akasema. "Ni mubaya vile nilifanya."

Basi, msomaji wangu, ukifiwa, kaa. Na ukimwona mwenzako aliyefiwa amekimbilia kazini, usimseme mlangoni kwake. Mfuate huko huko alikokimbilia, ukae naye, kwa maana hata wewe huna mwingine wa kulia naye.