Suruali Iliyofumuliwa Mara Tatu

Wenzake hunenepa tumbo. Fundi yeye alinenepa miguu. Mtaa mzima ulimjua kwa suruali anazoshona na kwa mdomo wake, kwa hiyo mkewe alipouliza juu ya miguu hiyo, alijibiwa, "Mama watoto, mume akinawiri si sifa yako?" Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Mkewe hakucheka. Siku hizi mumewe alilalia mito mitatu, na akikanyaga cherehani kidogo tu anahema utadhani kapandisha gunia ghorofani.

Hofu ilimjaa Fundi mwenyewe, ila kusema, hasemi. Sukari alikuwa nayo miaka mingi, vidonge anameza akikumbuka. Kifua hakimuumi, basi moyo ni mzima. Hivyo ndivyo alivyojidanganya. Tena daktari akimkataza cherehani, atabaki nani? Kila miguu ilipojaa, alijifungia, akafumua suruali yake ya kazini na kuipanua chini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu, jamani, aliyaficha kwa sindano!

Siku pumzi ilipomwishia naye amekaa tu, mkewe alimkokota hospitali. Daktari akambonyeza kifundo cha mguu, kishimo kikabaki.

"Uvimbe huu wa lini?"

"Juzijuzi tu, daktari."

"Muongo!" Mkewe aliinama, akaushika mguu wa suruali. Kando ya mshono palikuwa na mistari mitatu ya matundu ya sindano, kila mmoja pale mshono ulipofumuliwa. "Baba watoto, si wewe unayesema kitambaa hakisahau sindano? Haya, huu wa kwanza wa lini?"

Fundi akatazama chini. "Kabla ya mvua kuanza," alisema, machozi yakimlengalenga.

Vipimo vilipotoka, daktari hakuzunguka. "Sukari imekakamaza msuli wa moyo wako. Haulegei vizuri kupokea damu, na kuisukuma umeanza kuchoka. Ndiyo maana maji yanajaa miguuni na mapafuni."

"Kama ukosi wa shati uliozidishwa wanga," Fundi akanong'ona.

"Ukosi unafuliwa," mkewe akasema. "Moyo je?"

"Dawa zipo, na azimeze kila siku. Lakini huenda asirudi alivyokuwa."

Wiki zikapita, uvimbe ukapungua. Fundi alikaa kwenye cherehani kuibana ile suruali, mkewe nyuma yake, roho juu. Mshono ukarudi mstari wa tatu. Ukarudi wa pili, hapo Fundi akasimamisha mguu.

"Na wa kwanza?" mkewe akauliza.

Akajipima kifundo kwa tepu. Akapima tena.

"Bado," alisema, na safari hii hakuwa na utani.