Nilisema "Hiyo Hiyo" Bila Kwenda Kuangalia

Nilimdanganya mjukuu wangu nikiwa nimekaa kitako kwenye mkeka. Kosa ni langu, simsingizii mtu. Naandika huku kwa sababu nyumbani mdomo haufunguki.

Mimi ni mkulima wa mpunga, Rujewa. Shule niliishia darasa la nne, lakini namba nazijua, msinidharau! Huyu mjukuu nimemlea tangu hajaota meno, sasa anasoma kompyuta chuoni Iringa. Nikimtaja mbele za watu shingo inarefuka yenyewe.

Kikundi chetu cha mfereji kina kompyuta ofisini, ufunguo ninao mimi. Mjukuu alikuwa anatutengenezea programu ya kupanga zamu za maji, tuache kutishiana kwa majembe mashambani. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya kumalizia chuo. Walimu wangekuja kuiona hapa hapa. Isipowaka, amefeli.

Kuna programu za bure, wenyewe wameziacha wazi. Unachukua moja, kama alivyofanya yeye, unairekebisha, halafu unaijenga upya. Ndivyo wanavyosema, kujenga. Ila inasimama juu ya vipande vya watu wengine ambavyo mashine inavyo tayari. Wanaviita maktaba, na kila maktaba ina namba ya toleo lake. Ukijenga kwa toleo hili, na kule mashine ina lingine, haiwaki ng'o!

Likizo alinifundisha kuliangalia hilo toleo kwenye mashine ya ofisini. Naandika neno aliloniachia, namba inatokea. Akaniita "fundi mwenzangu." Weee! Kwaya yetu nzima ilijua.

Siku niliyomdanganya nina wageni nyumbani, akina mama wa kwaya. Mvua imepiga, na tope la huku kwetu Usangu linavyovua mtu ndala mnalijua. Simu ikaita.

"Shikamoo fundi mwenzangu! Naomba ukaniangalizie toleo. Huku kwangu ni tatu nukta mbili. Huko je?"

Nikaangalia tope la njia ya ofisini. Nikaangalia wageni, wote kimya, masikio kwangu.

"Hiyo hiyo, mjukuu wangu. Tatu nukta mbili."

"Una uhakika, bibi?"

"Unaniuliza mimi?"

Wakacheka wale! "Bibi Kompyuta! Hata hainuki, anayo kichwani!" Nami nikacheka. Mjinga mimi!

Programu ikaja kwa simu, nikaiingiza kwenye mashine. Ikakataa. Ikamwaga Kiingereza, na katikati ya kile Kiingereza nikaiona tatu nukta mbili. Nikaandika lile neno langu. Ikatokea mbili nukta nane.

Nikaizima ile mashine.

Mjukuu akapiga. "Imeandika nini, bibi?"

Hapo mlango ulikuwa bado wazi, jamani! Ningesema tu, mwanangu, sikwenda kuangalia. Aibu ya dakika moja! Nikasema, "Haijaandika kitu. Imenyamaza tu."

Basi nikawa kuku aliyenaswa mguu kwenye kamba, kila nikivuta inakaza. Yeye akaanza kutafuta kosa kwenye kazi yake mwenyewe. Anabadilisha, anajenga, anatuma. Kwake inawaka, kwangu inakataa. Kila mara, "Na toleo bado ni lile, bibi?" Bado ni lile! Ningegeukaje? Ningesema mashine imezeeka ghafla?

Siku moja sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Bibi, labda sina akili ya hii kazi."

"Unayo," nikamwambia. Hilo tu. Nikakata simu, nikalia juu ya gunia la pumba.

Walimu wakaja, naye akaja nao. Wakulima wamejaa mpaka dirishani. Akaiwasha programu, ikakataa. Akayasoma maandishi. Akaandika lile neno, na mbili nukta nane ikatokea mbele za watu wote.

Aligeuka akanitazama. Nilishika ufunguo kama vile utaniokoa.

Mwalimu akamuuliza, "Hukuhakikisha toleo la mashine unayoiwekea?"

Mungu wangu! Nilitakiwa kusema mimi.

"Sikuhakikisha, mwalimu," akasema mjukuu wangu. "Ni uzembe wangu."

Huko nyuma mzee mmoja akapaza sauti, "Haya, turudini kwenye majembe!" Watu wakaangua kicheko. Mtoto wangu akachekwa, na mimi nimesimama pale na kitenge changu kipya!

Wakamwambia arudie mwaka.

Alipokuja likizo alikaa ofisini na ile mashine. Nikampelekea chai. Ameongeza maandishi machache mwanzoni mwa programu.

"Hayo ya nini?"

"Kabla ya kujenga, inaiuliza mashine yenyewe, bibi. Toleo likiwa siyo, inasimama pale pale na inasema sababu."

"Kwa hiyo mimi sitakuwa naangalia tena?"

Akapokea kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Wewe pumzika, bibi."

Programu sasa inawaka, maji tunagawana vizuri. Kwaya bado wananiita Bibi Kompyuta, nami naitika, nifanyeje? Mjukuu ananipigia kila Jumapili. Ananiuliza goti, kuku, mvua. Habari za mashine haniulizi. Kila akipiga navuta pumzi niseme, halafu namwambia kuku wazima.

Wenzangu mnaopenda kusifiwa, nawaomba! Ukiulizwa kitu na mtoto anayekuamini, inuka, kanyaga tope, kaangalie kwa macho yako. Na kama ulishasema uongo, sema ukweli leo, kabla hajakubebea lawama. Mimi wangu amenibebea, na jina la fundi mwenzangu sijalisikia tena.