Begi la Bibi na Kona ya Plastiki

Mwanangu, ipo siku ambayo sitaki uikose, nayo ilianza na soksi yangu kulowa. Najua nasaha huandikwa na wenye mvi. Mimi sina hata moja, na wewe bado hujaota jino, lakini nani aliweka sheria kwamba tungoje?

Nilikuwa nimemaliza chuo, nakaa na mama yangu nyumbani Themi, hapa Arusha. Bibi, mama yake mama, tulimteremsha kutoka kihamba chake, shamba lake la migomba na kahawa huko kwenye mteremko wa Mlima Meru, kwa sababu ya magoti, ambayo yalikuwa yamebeba kahawa na mikungu ya ndizi mpaka yakagoma. Mjomba Elia, kaka yake mama, mtu wa kupata vitu, alileta beseni la jakuzi, lenye pampu ya kuzungusha maji ya moto, lililotolewa kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa inakarabatiwa, tukalifunga kwenye chumba cha nyuma. Mama hakulipenda hata kidogo, alisema linanguruma kama mashine ya kusaga. Lakini bibi aliingia humo kila jioni, na kila asubuhi aliinuka kitandani bila kuita mtu.

Kisha bomba lake likaanza kuvuja. Mjomba alilizungushia mpira wa tairi la baiskeli, akapaka gundi juu yake. Likavuja. Akaongeza mpira. Jumamosi nikaingia na soksi, nikakuta sakafu ni bwawa.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, begi miguuni, zipu imefungwa.

"Nirudisheni kwangu," alisema. "Kama ni kuumwa, nikaumwe mbele ya migomba yangu."

Kule juu hapakuwa na mtu wa kumwinua. Sote tulilijua hilo, na yeye kuliko sisi.

"Naongeza mpira mwingine," mjomba akasema.

"Kwani, mjomba, una uhakika ni hapo panapovuja?"

"Maji yanadondokea wapi? Si hapa? Au chuoni mlifundishwa maji yanapanda?"

Nilichukua karatasi ya chooni, nikalala chini ya beseni, nikaigusisha bombani kidogo kidogo tangu kwenye pampu. Ilibaki kavu, kavu, kisha ikalowa kwenye kona ya plastiki, kile kiungo bomba linapopinda, mbali na mpira wa mjomba. Maji yalikuwa yakitokea kwenye ufa wa ile kona, yakitambaa chini ya bomba, yakidondokea mbele. Tulikuwa tumefunga bandeji mguu usioumia.

Sikuishia hapo. Kwa nini kona ipasuke? Niliomba pampu iwashwe kidogo, nikaona bomba linacheza, halina kitu cha kuliegemea. Mjomba alipiga magoti, akachungulia, akacheka. "Haya, msomi. Leo umekunywa chai yako kihalali."

Alikwenda dukani, akarudi na kona mpya, soketi ya kuungia bomba na gundi yake. Tulikata kipande kibovu kwa msumeno, tukapiga msasa, tukafuta hadi pakakauka. Tukapaka gundi pande zote mbili, tukasukuma kwa kuzungusha kidogo, tukashikilia bila kupumua. Chini ya bomba tukaweka kipande cha mbao ili lisicheze tena.

Mikono iliniwasha. "Tuwashe kidogo tu, tuone."

"Mkebe wa gundi umesema tungoje hadi kesho," mjomba akasema, lakini macho yake yalikuwa kwenye swichi.

"Mkebe umeandikwa na watu wasioijua gundi hii ikiwa Arusha," nilijibu. Nilitaka uthibitisho, na zaidi nilitaka bibi afungue lile begi.

Bibi akaniita kwa fimbo yake.

"Kule kwetu mfereji wa kumwagilia ukibomoka, tuliuziba kwa udongo na magogo ya migomba, wote pamoja. Unajua nani alisema maji yafunguliwe lini?"

"Mwenye zamu ya maji siku hiyo?"

"Huyo ndiye aliyekatazwa kusema. Migomba yake imekauka, ataona udongo umeshika hata kama haujashika. Aliyesema ni mwenye shamba ambalo zamu yake bado iko mbali." Akajisugua goti. "Leo mwenye zamu ni mimi, magoti yanawaka moto, na sisemi. Nawe unataka kuonekana umepatia, kwa hiyo nyamaza. Na wewe Elia, toa mkono kwenye swichi."

"Sasa aseme nani?" niliuliza, nikitafuta kasoro kwenye sheria hiyo. Sikuiona.

Bibi alimtazama mama, aliyekuwa anachambua mchele bila kujali.

"Kesho, tukitoka kanisani," mama akasema. "Na mkifanya haraka mkafurika tena, mtadeki wenyewe."

Usiku ule begi lilibaki mlangoni. Nililipita mara kadhaa, nikiliomba msamaha kimoyomoyo kama mtu.

Jumapili mama aliwasha pampu kwa mkono wake, bado amevaa nguo za kanisani. Beseni likanguruma. Niliigusisha karatasi kwenye kona, nikaizungusha nyuma, nikaisubiri. Ilitoka kavu. Tukamsaidia bibi kuingia, naye akafumba macho.

"We mjukuu," aliita mwishowe. "Nitolee kitenge kwenye begi."

Nikakitoa.

"Na hilo begi lirudishe juu ya kabati. Linazuia njia."

Basi, mwanangu, uliza. Uliza hata haya ninayokuambia. Usikubali kwamba pabovu ni pale tu panapodondoka, fuata maji mpaka yanapotokea. Lakini ukilitamani jibu mpaka mikono ikuwashe, usiwe wewe wa kutangaza kwamba limepatikana. Mwachie mtu asiye na kiu, nawe ukae kando ungoje, hata kama kungoja si tabia yetu.

Magoti yako yakufikishe mbali. Na siku yatakapochoka, Mungu akupe watu wa kukuwekea maji ya moto, na sababu ya kulirudisha begi juu ya kabati.