Mijusi wa Rangi ya Kucha

"Shoga, yule mpangaji wa chumba cha uani ni mchawi," fundi cherehani wa jirani aliapa. "Anawapaka mijusi rangi ya kucha! Na wewe unanyonyesha, chunga mwanao."

Mama Kichuna alicheka. Alishamwuliza binti mwenyewe, akaambiwa ni utafiti. Binti aliomba nafasi ya kusomea uzamili wa ikolojia, na chuo kilitaka ripoti ya mijusi wa ukuta mmoja ifike Ijumaa. Kila mjusi alipakwa rangi yake mgongoni, asije akahesabiwa mara mbili.

Alhamisi asubuhi binti alikuwa akirukaruka uani. "Dada, wameongezeka! Kuna wageni wawili hawana rangi!"

Mama Kichuna alimhamishia mtoto kwenye titi la pili. "Wageni wa wapi, mdogo wangu? Yule mnene wa karibu na taa ndiye mwekundu wako. Juzi alivua ngozi, akaila yote pamoja na rangi. Nilikuwa hapa hapa mkekani nanyonyesha, namwangalia."

Binti alikalia ndoo. "Na yule mwingine?"

"Wa kijani, naye kavua. Si unaona ana kidole kimoja pungufu?"

Binti aliutazama ukuta, akalitazama daftari, akafuta ukurasa mzima. Nusura aipeleke chuoni hesabu ya mijusi hewa. Alisogea mkekani, akampapasa mtoto kisigino.

"Dada, nakuomba sana. Leo huyu asishibe mapema, ukae hapa tuhesabu mijusi wote upya."