Filimbi ya Raudha na Kipande cha Sabuni

Mwezi wa pili mwaka huu, mbele ya mkutano wa wazazi, Kidawa binti Rajabu aliambiwa kwamba mwanawe ni hatari kwa wengine. Kosa la Kidawa lilikuwa kuuliza swali. Shule anayosoma bintiye Raudha, mwenye umri wa miaka saba, ina filimbi mbili za plastiki kwa watoto thelathini na mmoja, nazo hupokezanwa kinywa kwa kinywa. Kidawa, muuza uji wa Maili Moja, alitaka kujua kwa nini hazioshwi kwa sabuni kabla ya kupokewa na mtoto mwingine. Mwalimu Vicent, msimamizi wa muziki, akamgeuzia kibao:

"Mama Raudha, aliyeugua kifua kikuu hapa ni mwanao. Mletee filimbi yake, au akae pembeni awapigie wenzake makofi."

Wazazi wakainamisha vichwa. Walijua kwamba Raudha alikwisha kumaliza dozi ya miezi sita na kuthibitishwa kupona. Kipindi cha muziki kilichofuata, Raudha akakaa pembeni, akapiga makofi.

Kidawa hakujua lolote kuhusu ala za kupuliza. Alichokijua ni hofu: ala nzito ingemchosha mtoto, na ala iliyopita vinywa vya watu ingeweza kumrudishia maradhi. Kila alfajiri, kabla ya kubandika sufuria ya uji, aliweka sikio juu ya kifua cha mwanawe.

Alipokwenda na Raudha kutafuta ala, Mudathir, muuza vitu vya mtumba pale Maili Moja, alimtolea klarineti nyeusi ndefu. "Chukua hii, mama. Atakua nayo mpaka aolewe!"

Vidole vya Raudha havikufika kwenye vitundu vya chini. Alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikatutumka, sauti isitoke. Kisha akakohoa, mara moja tu. Kidawa akamwondoa pale mbiombio kana kwamba kibanda kimeshika moto.

Jumamosi iliyofuata alimpeleka Marui, Kisarawe, kwa Mzee Zahoro, mjomba wa marehemu mumewe, ambaye ujana wake wote alipuliza zumari kwenye harusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu mchumba wangu mbona kakonda?"

"Mimi sitaki mume hana meno," alisema Raudha.

"Meno ya nini? Zumari hupigwa kwa mashavu!" Mzee akacheka, kisha akamtazama kwa makini. "Lakini si kwa mashavu haya. Zumari inataka pumzi ya mtu mzima. Mtoto huanza na filimbi ya mwanzi. Pumzi ya kupozea uji inatosha."

Alichomoa moja kwenye mapaa ya nyumba. Ilikuwa nyepesi, na vidole vya Raudha viliviziba vitundu vyote sita. Sauti ikatoka. Akapuliza tena, na mara ya tatu, bila kukohoa. Kwa mara ya kwanza tangu mkutano ule, Kidawa alitabasamu.

"Mwanzi wa siku nyingi huu, baba. Mbona wadudu dumuzi hawakuutoboa?"

"Hawathubutu. Naichovya kwenye dawa ya kuulia wadudu wa mikorosho, kisha naianika."

Kidawa aliipokonya filimbi. Alimsukutua mtoto kwa maji, tena na tena. "Dawa gani, baba?" Mzee akaleta chupa ya soda iliyojaa nusu. Haikuwa na karatasi wala jina. Aliinunua kwa mchuuzi aliyepita msimu wa korosho akiwapimia watu kwa kizibo.

Kwenye zahanati, muuguzi Yasinta aliinusa chupa kwa mbali, akauliza swali lile lile. Hakuna aliyejua.

"Basi tumwangalie," alisema. "Akitapika, akitokwa na mate au pumzi ikibana, niite hapo hapo."

Wakakaa kwenye benchi tangu adhuhuri mpaka alasiri. Kidawa aliweka kiganja kifuani pa mwanawe, akazihesabu pumzi. Kila moja aliingoja kama vile isingekuja. Mzee Zahoro, ambaye nyumbani alikuwa akitania, alisema jambo moja tu: "Kila mwaka nawagawia wajukuu filimbi hizi."

Raudha hakudhurika. Alipoambiwa anaweza kwenda, aliuliza filimbi yake iko wapi.

Siku ile ile mzee alizivunja filimbi zote za mapaani. Akakata mwanzi mbichi, akauchemsha kwa maji ya chumvi, akayapima matundu kwa vidole vya mtoto. Filimbi hiyo mpya ndiyo aliyoichagua Kidawa.

Jumatatu Mwalimu Vicent aliisikiliza, akatikisa kichwa. Sauti yake hailingani na zile za plastiki, alisema. Raudha akarudi pembeni kupiga makofi.

Mwalimu Vicent, Mwalimu Mkuu, nanyi wajumbe wa kamati ya shule: hofu ya benchi lile mliizalisha ninyi, mlipomnyima mama kipande cha sabuni. Watoto thelathini bado wanapokezana filimbi mbili zisizooshwa, wakati aliyetahadharisha anaadhibiwa kupitia mwanawe. Wekeni ndoo ya maji na sabuni darasani kesho. Mrudisheni Raudha mstarini, na filimbi yake mkononi. Kisha iteni mkutano wa wazazi wale wale, mumwombe Kidawa radhi kwa sauti ile ile mliyomfedhehesha nayo.