Zaina Alipotelea Wapi

Asubuhi ile haijanitoka, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu yamekwisha kuchujuka. Kondakta wa basi alishuka pale Lukozi akanikabidhi bahasha kutoka kwa mhariri wa Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na riwaya mpya na kikaratasi: "Mwandishi ni mtu wa huko kwenu. Isome, utuletee uhakiki." Nikageuza kitabu nione jina. Alikuwa Mzee Athumani, mjomba wa Hasani, na Hasani ndiye aliyetaka kunioa.

Nikueleze vizuri. Hasani alifiwa na baba angali mdogo, akalelewa na mjomba wake huyo, mwalimu mstaafu, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Posa yangu ingeletwa na yeye. Bila yeye hakuna posa. Nami nilimpenda Hasani, nasema wazi, uzee umeniondolea haya. Nilimpenda hata nikawa naunguza maharage jikoni.

Kazi yangu ilikuwa hii hii yako, mwandishi wa kujitegemea, yaani mtu asiye na ofisi wala meza. Leo naandika bei ya viazi, kesho barabara iliyokatwa na mvua, keshokutwa kitabu. Ninyi mnatuma makala kwa simu mkiwa mmejilaza kitandani. Sisi tulimbembeleza kondakta. Siku hizi ningemwambia mhariri, huyu karibu atakuwa mkwe wangu, mpe mwingine. Wakati ule sikujua kama kazi inaweza kukataliwa.

Nilikisoma kitabu nikiwa nimejifunga shuka kwa baridi. Nusu ya kwanza ilinikamata. Kijana anateremka kutoka milimani kwenda kukata mkonge tambarare, upande wa Mnazi, na joto lile na miba ile nilivihisi mikononi mwangu. Anamwacha mkewe, Zaina, na mtoto mchanga na shamba la mteremkoni. Zaina ana hasira, ana mzaha, akisema unamsikia. Halafu katikati ya kitabu Zaina anapotea. Mume anahama kambi, anapata marafiki, anahutubia kurasa nzima, na mkewe hatajwi. Anaonekana tena mwishoni kabisa, analia msibani. Nilirudi nyuma kupekua, nikidhani nimeruka kurasa. Sikuwa nimeruka.

Basi nikaandika uhakiki wa kusifu mwanzo mpaka mwisho. Lugha tamu, riwaya ni hazina, kila nyumba iwe nayo. Nikampa mama asome, maana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na ndiye aliyekuwa akinisahihisha tangu nilipojua kushika kalamu. Na hakuna mtu aliyeitaka harusi ile kuliko yeye. Alikwisha kuchagua hata vitenge vya sare. Alisoma, akavua miwani.

"Kitabu chenyewe kikoje?" akauliza.

"Kizuri, mama. Ila mke amesahauliwa."

"Mbona hapa hukusema?"

"Mama, yule ni mjomba wake Hasani!"

"Sikiliza, mwanangu. Nyumba ile unakwenda kuishi, huendi kutembea. Ukiingia kwa kumsifu mzee wa watu kwa uongo, utaendelea kusifu mpaka unazeeka. Utasifu hata chai isiyo na sukari. Mimi sikukuzaa uende ukachoke hivyo."

Akainuka, akaenda kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Mimi nikachana karatasi zangu na kuandika upya. Niliyasifu mashamba ya mkonge kwa moyo wote, kisha nikauliza Zaina alipotelea wapi. Mwishoni, kwa ujana tu, nikachomeka kijembe kwamba pengine mwandishi mwenyewe amemchoka mkewe. Nilijiona mjanja sana. Nikampa kondakta bahasha kabla moyo haujageuka.

Gazeti likatoka. Ijumaa ambayo wazee walisema wangekuja kuleta posa, hawakuja. Hasani alikuja peke yake, akakaa kidogo, akaongea habari za mvua, akaondoka. Mama alinipikia makande, hakunilaumu wala hakunibembeleza. Nililia, mwanangu, tena si kidogo. Lakini katika kulia huko nilishangaa kuona kwamba sikutamani kufuta sentensi hata moja, isipokuwa ile ya kijembe.

Kisha asubuhi moja ya ukungu Mzee Athumani akaja mwenyewe, kwa miguu, gazeti limekunjwa ndani ya koti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Mama akamwekea kiti, akamletea chai. Mzee aliishika chai yake bila kuinywa. "Nimekuja kuuliza jambo. Wewe umekisoma kitabu chote?"

"Ndiyo, mjomba. Chote."

"Basi mko wawili. Wengine wote wamenipa mkono wa hongera tu. Mke wangu naye aliniuliza habari za Zaina, tena kabla sijakipeleka kuchapwa. Nikamwambia haelewi mambo ya vitabu." Akakohoa. "Jana kanitengea chai, kaweka gazeti kando ya kikombe, akatoka. Hajasema neno mpaka sasa."

Mama aligeukia ukutani. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko.

"Kwa Zaina umesema kweli," mzee akaendelea. "Nimeumia, nitapona. Lakini hili la kumchoka mke," akaligonga gazeti kwa kidole, "umelitoa ukurasa gani?"

Sikuwa na ukurasa. "Halimo kitabuni, mjomba. Naomba unisamehe."

"Basi. Kitabuni nipige utakavyo, maana nimekitoa mwenyewe hadharani. Nyumbani kwangu usiingie mpaka ukaribishwe." Akanywa chai yote kwa mkupuo mmoja, akafuta midomo. "Kwa hiyo nakukaribisha. Wazee watakuja Ijumaa."

Walikuja. Tumeishi vizuri, mimi na Hasani, na yule mzee kila alipoandika kitu alinipa nikisome kabla ya watu wote. Tulibishana mpaka majirani wakadhani tunagombania mpaka wa shamba. Sijui kama kuna mkwe mwingine aliyenipa raha kama yeye.

Sasa nakuja kwako. Nimesikia mhariri wako amekupa kitabu changu ukihakiki, na tangu siku hiyo unapita njia ya nyuma ili tusionane. Mwambie mhariri kwamba unanijua, tena nimekufundisha kazi. Kama bado anakutaka wewe, andika. Kisome chote. Palipokupendeza pataje, palipopwaya pataje, na usiloliona kitabuni usiliandike. Msomaji wa Korogwe hajui sura yako wala yangu. Anatoa muda wake kwa sababu amekuamini, na huyo ndiye unayemfanyia kazi. Mimi nitaumia. Nitanuna siku kadhaa, usiogope, nikimaliza kununa nitakuita.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe macho ya kufika ukurasa wa mwisho, akupe ulimi usiochoma pasipo sababu, na kila utakayemwambia kweli akufungulie mlango, nikiwa wa kwanza mimi.